Kichwa cha Ng'ombe Langoni Kuke

Ghanzi, 2 Juni 2014

Mpwa wangu Olefile,

Salamu nyingi baada ya kimya. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo baridi ya Juni hulishika kila asubuhi na kuliachia saa sita. Mke wangu hajambo, mbuzi hawajambo. Natumaini nawe u salama huko Cape Town pamoja na watalii unaowatembeza kwa lori, na kwamba hakuna aliyeliwa.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unaniomba niende Gumare kukuposea Segametsi, kwa kuwa mimi ndiye kaka wa mama yako, na bila mjomba hakuna mtu atakayefunguliwa mlango. Ni kweli. Lakini nikuulize: mjomba ni nani? Mjomba ni yule anayepewa kichwa. Ng'ombe akichinjwa kwenye shughuli ya ukoo, kichwa ni cha mjomba, ndivyo ilivyokuwa kabla sijazaliwa. Februari mlipomwoza dada yako mlichinja dume zima pale Toteng, na kichwa akala jirani yenu Mzee Rathuso, mtu asiye na damu yetu na mwenye meno ya kuhesabika.

Najua sikuja. Goti lilikuwa limevimba. Lakini nimeambiwa alivyosema mama yako mbele ya watu: "Kaka yuko ng'ambo ya uzio. Kichwa hakivuki. Si ndiyo sheria yake mwenyewe?" Na watu wakacheka.

Ni kweli nilikaa kwenye lango la uzio wa mifugo pale Kuke maisha yangu yote ya kazi, nikizuia nyama ya kaskazini isiteremke kusini kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo. Ni kweli niliwahi kumshusha mama yako kwenye basi na kuichoma nyama yake kavu mbele ya abiria wenzake. Ilikuwa kazi. Lakini uzio unazuia nyama, hauzuii adabu. Mngesubiri nipone, mkachinja mwingine.

Kwa hiyo kichwa kwanza, Gumare baadaye. Kama una haraka, mtume Mzee Rathuso. Aliyekula ndiye akaseme.

Nakutakia safari njema.

Mjomba wako,
Moatlhodi


Swakopmund, 11 Juni 2014

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nasikitika kusikia habari za goti. Mimi sijambo, ingawa ukungu wa bahari hapa unaingia hadi ndani ya soksi. Wageni wote wapo, nimewahesabu asubuhi.

Tumetoka kwenye vilima vya mchanga. Bibi mmoja aliniuliza ni wafanyakazi wangapi wanaoufagia mchanga usiku ili nyayo za jana zifutike. Nikamwambia ni upepo. Akafikiri kidogo, akasema, "Hata hivyo ningependa kuwapa kitu." Mwingine aligoma kushuka kileleni mpaka tulipomwambia chakula kiko chini.

Mjomba, naomba radhi kwa niaba ya nyumba nzima. Nina wazo. Tutapita hapo Ghanzi tarehe kumi na sita. Niruhusu ninunue kichwa kizuri kwenye bucha la hapo hapo mjini, upande wako wa uzio, nikuletee mlangoni. Hakutakuwa na sheria iliyovunjwa.

Nakuomba usikasirike nikikuharakisha. Baba yake Segametsi amesema atatupokea tarehe 19 Julai, basi. Kuna watu wengine wanabisha hodi: kijana mhasibu, anafanya kazi kwenye hoteli ya watalii pale Maun. Segametsi anasema ana wajomba watatu, na wote watatu wana makoti ya kuposea. Yeye mwenyewe hamtaki, lakini ameniambia, "Mimi sitajiposea, Olefile. Leta watu."

Mpwa wako,
Olefile


Ghanzi, 17 Juni 2014

Mpwa wangu,

Salamu. Goti ni lile lile. Mke wangu ana mafua, anakusalimu kwa sauti ya mtu mwingine.

Jana niliona lori lenu likipita. Ulipiga honi mara mbili. Sikutoka, kwa sababu kijana haongei posa yake na mjomba uso kwa uso, na mimi sikuwa na jambo jingine la kuongea. Lakini nilisikia.

Kuhusu bucha: hapana. Kichwa cha bucha ni cha ng'ombe asiyejulikana, aliyechinjwa kwa sababu isiyojulikana. Je, kama ni kichwa cha mjomba wa mtu mwingine? Nitakula haki ya mtu na baadaye nilalamikiwe kama ninavyolalamika sasa?

Kichwa changu kitoke kwenye zizi la Toteng, alilolijenga marehemu baba yangu kwa miti ya mopane, karibu na ziwa. Nilipewa kazi huku nikiwa kijana kapera. Nilidhani ni ya msimu mmoja. Nikaoa huku, nikazika huku. Zizi lile nalikumbuka hadi lile tundu la upande wa mashariki ambako ndama walikuwa wakipenya. Ng'ombe wake ndio watu wangu waliobaki. Kichwa kitoke hapo.

Na usijaribu kukivusha kwa siri chini ya mahema ya wageni. Nitajua. Wengi walijaribu: mmoja alilivika paja la ng'ombe kofia ya mtoto.

Najua utasema ninataka kitu nilichokikataza mwenyewe. Sema. Si mimi niliyemlisha Rathuso.

Barua hii nampa dereva wa lori la maji anayekwenda Maun.

Mjomba wako,
Moatlhodi


Livingstone, 27 Juni 2014

Mjomba,

Shikamoo. Mwambie mkazamjomba apone haraka. Mimi ni mzima, masikio tu yameziba kwa ngurumo ya maporomoko.

Barua yako niliipata Maun, nikarudi Toteng mara moja kumsomea mama. Alikuwa anapepeta mtama. Aliendelea kupepeta hadi nilipofika kwenye lile tundu la ndama. Akaweka ungo chini. "Analikumbuka tundu," akasema, "lakini hakuikumbuka sura yangu siku ile kwenye basi." Kisha akapepeta tena. Baadaye akaniambia: "Nitachinja lile dume jekundu. Ila kichwa nakipeleka mwenyewe. Nataka nimwone machoni akikitafuna."

Basi huu ndio mpango. Nafasi mbili zimebaki wazi kwenye lori. Walikuwemo bwana na bibi harusi. Bwana akaruka darajani kwa kamba kama watalii wanavyoruka, bibi akakataa, bwana akamwita mwoga mbele ya watu. Bibi amerudi kwao kwa ndege, bwana amemfuata kwa ndege nyingine. Kwa hiyo mama atapanda Toteng, na sufuria litapanda pamoja naye.

Kichwa tutakichemsha usiku na mchana hadi kisiwe na ugonjwa wowote duniani. Kuna mgeni, Mzee Lothar, Mjerumani aliyekuwa mchinjaji kwa miaka mingi. Nilipowaeleza wageni shida yangu jioni, aliinua mkono, akasema tembo ameshawaona wa kutosha, sasa anataka kuona kichwa. Wengine walipiga kura. Wamekubali kupunguza siku moja ya safari ya mitumbwi ili tuwahi.

Hatutaficha. Tutasimama langoni na kusema tulichonacho. Naamini kilichochemshwa kinavuka. Kama sivyo, niandikie kupitia posta ya Maun kabla ya tarehe tano.

Mpwa wako,
Olefile


Windhoek, 9 Julai 2014

Mjomba wangu,

Natumaini wewe na mkazamjomba mko salama. Mimi kwa mwili sijambo.

Kwenye posta ya Maun hapakuwa na barua yako. Sasa najua: ulisubiri uulizwe rasmi. Upande wako wa simu uliyopigiwa kutoka langoni unaujua. Nakuandikia upande wetu.

Tulifika Kuke kabla ya saa sita mchana. Kama kawaida, wote wakashuka kukanyaga kapeti la dawa ya kuua ugonjwa kwenye viatu. Afisa alikuwa Modiri, yule uliyemfundisha kazi. Akauliza, "Mna nyama?" Watalii wote wakatazama angani, kwa sababu hawajui kusema uongo bila kutazama juu.

Mama akasema, "Mimi sina nyama. Nina kichwa."

"Mama, kichwa ni nyama."

"Kichwa ni heshima, mwanangu. Nyama inaanzia chini ya shingo."

Modiri akafunua sufuria, akafunika. Mzee Lothar akajitokeza, akaniomba nimtafsirie kwamba kwao kichwa kilichochemka kiasi kile huhesabiwa kuwa supu. Modiri akasema kwao ni kwao. Mama akaketi juu ya kifuniko. Nyuma yetu foleni ilikuwa imefika kwenye mti wa mwisho, dereva mmoja wa lori la mbao akapaza sauti, "Mpeni mama kichwa chake twende!" Mwingine akamjibu, "Wewe nawe umebeba nini hapo kwenye mbao?" Akapandisha kioo.

Ndipo Modiri akaona bora amuulize mwenye sheria, akakupigia, akaweka simu juu ya boneti ili sote tusikie.

Ukauliza, "Kina mfupa?"

"Kina mfupa, mzee."

"Kimetoka wapi?"

"Toteng."

"Ni cha nani?"

"Ni chako, mzee."

Mjomba, tulidhani mtandao umekatika. Modiri akaitikisa simu. Kisha ukasema, "Chenye mfupa hakivuki," ukakata.

Watalii hawajui Setswana lakini walielewa. Wengine walivua kofia. Mama hakulia wala hakukasirika. Alisema, "Huyo ndiye kaka yangu hasa," kama mtu aliyetambua mwendo wa mtu kwa mbali. Akamgeukia Modiri: "Mwambie nakaa hapa, upande wangu. Asipokuja nakila mwenyewe, nikianza na ulimi."

Sikuweza kusubiri naye. Mpaka wa Mamuno hufungwa usiku, na wageni wana ndege. Walimwachia kiti cha kukunja, blanketi mbili, na Mzee Lothar akamwachia kisu chake na chupa ya haradali. Nilimwacha mama yangu akiwa amekaa kando ya barabara chini ya bango linalokataza nyama, sufuria miguuni, akitupungia.

Modiri hapokei simu. Simu ya mama imezimika, na yako haipatikani. Mjomba, ulikwenda? Zimebaki siku kumi, na sijui niombe nini: posa, au habari za mama.

Mpwa wako,
Olefile


Ghanzi, 22 Julai 2014

Mpwa wangu Olefile,

Salamu. Barua yako imenikuta nimerudi, ndiyo maana nachelewa. Mama yako ni mzima, yuko kwake. Mimi ni mzima.

Nilipokata simu nilivaa koti. Nilipata lifti ya gari la chanjo, nikafika Kuke jua likiwa bado juu. Mama yako alikuwa kwenye kile kiti, upande wake. Nikakanyaga dawa, nikavuka.

"Umechelewa," akasema.

"Goti."

"La kushoto?"

"La kushoto."

"Kaa." Lakini kiti kilikuwa kimoja na alikikalia yeye, kwa hiyo nilikaa juu ya sufuria, baada ya kutoa kilichomo.

Nilianza na shavu. Mama yako alikuwa ananitazama machoni kama alivyoapa. Kilikuwa kimechemka mno. Huyo Mjerumani wako alisema kweli, ilikuwa karibu supu. Sikumwambia. Tulipofika kwenye taya akaniuliza, "Ile nyama yangu kavu uliyoichoma, ilinukia?" Nikamwambia ilinukia hadi nikashindwa kula chakula changu cha mchana. Akacheka hadi Modiri akatoka ofisini. Alisema angejua hayo, angenisamehe tangu siku ile, na mimi nisingemaliza miaka yote hiyo nikipita njia ya mbali. Ile haradali hatukujua ni ya nini, akanipaka gotini. Limepata nafuu kubwa. Mwambie mzee yule.

Sikurudi Ghanzi. Nilikwenda naye Toteng. Maji yamerudi ziwani, sikuwa nimeambiwa. Nilisimama kwenye zizi la baba asubuhi nzima na hakuna aliyeniuliza ninafanya nini.

Tarehe 19 tulikuwa Gumare kabla ya jua, wanaume kwa makoti, wanawake kwa shali. Wale wajomba watatu wa mhasibu tuliwakuta wameegesha gari nje, wakisubiri zamu. Tulisalimiana vizuri.

Mjomba wake Segametsi akaanza: "Kijana wenu anafanya kazi gani?"

"Anawachukua watu kutoka Cape Town hadi kwenye maporomoko, nchi hadi nchi, wakilala ardhini."

"Wakimbizi?"

"Wageni. Wanalipa."

"Wanalipa ili walale ardhini?"

"Simba akinguruma karibu, wanashukuru."

Wakaomba kwenda nje kushauriana. Nilidhani tumekwisha, mpwa wangu, nakuambia kweli. Niliona tayari mhasibu akikaribishwa. Lakini bibi yake Segametsi hakutoka nao. Alibaki kwenye mkeka, akanivuta koti. "Hiyo Cape Town," akasema, "si ndiko kuliko na bahari?"

Nikasema ndiko.

"Na lori linakwenda na kurudi?"

"Linakwenda na kurudi."

Akainuka, akawafuata nje. Sikusikia alichowaambia. Waliporudi walisema mke amepatikana, na kwamba habari ya ng'ombe wa mahari tutaizungumza taratibu, ila bibi ana ombi lake ambalo halingoji ng'ombe. Nikalikubali hapo hapo kwa niaba yako. Mjomba akishasema ndiyo, imesemwa.

Kwa hiyo safari yako ijayo ya kushuka Cape Town, bibi atakuwa Maun anakusubiri umpeleke akaione bahari, ameshafunga mzigo. Mpe kiti cha mbele, karibu na dereva. Hali samaki, na halali ardhini, mtafutie kitanda. Anasema amekaa Gumare miaka yote hiyo na kila msimu tembo wamekula mtama wake, kwa hiyo ana sharti moja tu, na nimemwahidi kwamba utaliheshimu: mkiwaona tembo njiani, lori lisisimame.

Mjomba wako,
Moatlhodi