Safu Yako ya Vitabu vya Picha Bado Ipo

Mwaka umeshatimia, mume wangu, tangu utuache, na bado mtu akibisha hodi na bahasha ya vitabu mimi huita, "Mzee, mzigo wako!"

Gazetini walikuita mhakiki. Mtaani ulikuwa Mzee Picha, maana miaka yote uliandika juu ya riwaya za picha: za upelelezi, za ujambazi, za mazimwi na falme za mawinguni. Binti yetu muuguzi alikutania, "Baba, mvi zote hizo na vitabu vya katuni?" Nawe ukamjibu, "Mwanangu, nitalalaje na muuaji hajakamatwa?"

Mimi shule niliishia darasa la tatu, nasoma polepole. Hukunicheka hata siku moja. Ulifunika maneno kwa vipande vya karatasi, ukanikalisha kando yako, ukasema, "Haya Mama, nisimulie." Nikiweza kusimulia kwa picha tu, mchoraji alipata sifa. Nikikwama, ole wake. Nikimtaja muuaji kabla chai haijapoa, uliguna: "Hiki hakina siri, kina haraka."

Na ile siku ulipopitiwa, ukamtaja muuaji gazetini! Kinyozi alikunyoa shavu moja, akaweka wembe chini. "Mzee Picha, nilikuwa nimebakiza kurasa chache tu! Nenda hivyohivyo." Ulirudi umeshika shavu, unacheka mpaka machozi.

Ulituachia ahadi moja. Uliwaambia wasomaji utawapa hukumu ya kitabu cha tatu cha yule malkia mwenye mabawa, ukaondoka kabla hakijatoka. Kilipotoka, mhariri alitueleza wazi: "Nikikosa wa kuandika, safu ya mzee naifunga, naweka chemshabongo." Chemshabongo! Mahali pako!

Tukakaa mezani, binti yako na mimi, tukafunika maneno. Nikasimulia vizuri hadi karibu na mwisho, hapo nikakwama. Malkia analia, na mimi sioni analia nini.

"Mama, tukisifie tu," binti yako akasema. "Baba alivipenda mno vile viwili vya kwanza."

"Baba yako alipenda, lakini hakuwadanganya wasomaji."

Akavuta kalamu, akaandika kweli tupu: mwanzo mtamu, mwisho umechoka.

Gazeti lilipotoka, simu za ofisini kwao hazikupumua. Msomaji mmoja alifoka, "Hao wanajua nini kuhusu malkia?" Mhariri akatupigia huku anacheka: "Wamekasirika kama enzi za mzee. Leteni kingine."

Tulirukaruka jikoni, mimi na magoti yangu haya.

Pumzika, mpenzi. Hatujakuangusha.

Tunaokukumbuka kwa furaha: mimi mkeo, binti yako ambaye siku hizi ni mhakiki akitoka zamu, mkweo, kaka yako fundi saa, na wajukuu wako wote. Hutoki mioyoni mwetu, leo wala kesho, wala siku yoyote ile.