Mkunjo wa Mama

Nyumba Na. 4, Ua wa Tully,
Angel Meadow,
Manchester.
9 Novemba 1874

Mpendwa mdogo wangu Malachy,

Salamu nyingi kutoka kwangu dada yako, na natumai zitakukuta hujambo huko Boston, wewe na mkeo Kate na wale mapacha. Mguu wako unaendeleaje? Tangu uniambie lile gogo lilivyokuangukia bandarini sina raha, maana nakujua, utasema umepona ili wasikupunguze kazini. Mimi sijambo, ila kifua kinabana kama kila mwaka moshi wa viwanda unapokutana na ukungu. Mashine yangu ya kunyooshea shuka bado inazunguka, na mkono wa kuizungusha bado ninao.

Barua yako niliipata Jumanne. Kusoma sijui, kwa hiyo alinisomea Padri Clancy. Alipofika kwenye yale matusi akakohoa na kuyaruka, nikamwomba arudi nyuma ayasome. Umemlaani Sabina Roche, jirani yangu wa ukuta mmoja, kwa kuwa binti yako Delia alikuandikia kutoka jela kwamba ndiye aliyemchongea kwa askari. Umeniagiza nisimsalimie tena, wala asishike kalamu kuniandikia, yeye aliyeniandikia barua zote miaka kumi na moja. Nimeyasikia yote. Sasa nisikilize na mimi, na tafadhali keti kwanza.

Si Sabina, Malachy. Binti yako nimemfunga mimi.

Mwezi wa Agosti kiwanda cha pamba kilipunguza watu, Delia akawa mmoja wao. Akapata kibarua cha kusugua ngazi kwenye jumba moja kubwa ng'ambo ya mto, siku mbili kwa wiki, na hilo halimshibishi mtu wa miaka kumi na tisa. Jumatatu moja aliniletea shuka mbili nimnyooshee. Akasema ni za bibi wa kule, zimeletwa kwangu kama kazi. Zilikuwa za kitani safi. Nilipozitandaza mezani niliona pembeni vitundu vya sindano, mahali herufi za jina la mwenyewe zilipofumuliwa. Nilijua palepale. Sikuuliza. Niliziingiza kwenye mashine, nikazikunja vizuri, na jioni ile Delia alirudi nyumbani na nyama ya nguruwe na mkate mweupe. Nilikula nikashiba, na nikampa mkono wa pongezi kwa kupata kazi nzuri. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na sijawahi kulisema mpaka leo.

Wiki iliyofuata, asubuhi, akaja askari Hallam na shuka moja kwapani. Alikuwa ameitoa kwenye duka la rehani. Unajua desturi yetu hapa: askari akiingia uani, wa kwanza kumwona hugonga ukuta, na ukuta hupeleka habari nyumba hadi nyumba, hata akifika kwako umekwisha kuwa kiziwi. Alipita milango yote. Huyu hakuona, yule hakusikia, mwingine alianza kumwelezea jino lake linavyouma. Kwangu hakuuliza habari ya mwizi hata kidogo. Aliiweka shuka mezani taratibu, akaitazama kama mtu anayetaka kununua.

"Mama, nimezunguka mji huu miaka tisa," akasema. "Shuka iliyokunjwa hivi sijaiona. Hii itakuwa imetoka kwa wale mafundi wa hotelini."

"Hotelini wapi!" nikamjibu. "Wale wanajua kukunja? Tazama pembe inavyoingia ndani. Huo mkunjo wa mama yangu, kutoka kwetu Mayo. Manchester nzima ni mimi peke yangu ninayeukunja."

Ndivyo nilivyosema, mdogo wangu. Kwa majivuno. Unaukumbuka ule mkunjo, mama alivyotupiga vidole tukikosea pembe. Hallam alitabasamu, akauliza niliikunjia nani. Hapo ndipo nilipopata akili, nikafunga mdomo. Lakini macho hayakufunga. Yalikwenda moja kwa moja kwenye shali ya Delia iliyotundikwa nyuma ya mlango, na yeye akayafuata. Alasiri walikuja watatu wakamchukua. Akahukumiwa miezi mitatu.

Ukuta unapitisha mlio wa kugonga, haupitishi maneno. Hakuna aliyejua tulizungumza nini. Ila asubuhi ileile watu walikuwa wamemwona Hallam akimbebea Sabina ndoo kutoka bombani, kwa kuwa aliteleza akaumia kiwiko, na wakamwona Sabina akicheka naye. Ikatosha. Kabla ya jioni ua mzima ulikuwa umekwisha kumhukumu, nami nilikuwa nimekaa katikati yao nalia, na wanawake wananishika mabega, na sikusema neno.

Ni wiki nane sasa. Bomba letu linatoa maji asubuhi tu, kwa saa moja, na nyumba ziko kumi na nne. Sabina akifika wanampa kisogo na kuisogeza ndoo yake nyuma. "Mpisheni bibi wa askari!" "Leo bwana hajaja kukubebea?" Maji yanakatika kabla ya zamu yake. Anakwenda kuchota mtaa wa tatu, na kile kiwiko. Mlango wake umepakwa uchafu mara mbili. Wale aliokuwa akiwaandikia barua hawaendi tena, na hiyo ndiyo iliyokuwa riziki yake. Na mimi, Malachy, niliisogeza ndoo yake kwa mguu wangu mwenyewe. Mara mbili. Niliogopa wakiniona sisogezi wataniuliza kwa nini.

Delia anatoka wiki moja kabla ya Krismasi. Ametuma habari kwamba ataanzia mlangoni kwa Sabina, kwa mawe. Akifanya hivyo atarudi jela, na safari hii haitakuwa miezi mitatu. Tiketi ya meli uliyomnunulia aje kwako masika itaoza.

Nilikwenda kuungama. Padri alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Honor, si mimi uliyenikosea. Mlango wa mwenyewe unaujua." Aliniahidi kwamba nikimwomba yeye aniandikie barua hii, atakataa.

Basi leo mchana nimebisha kwa Sabina. Alidhani nimekuja tupatane, masikini, akaweka birika motoni, akafuta kiti kwa aproni yake. Nikamwambia nina barua ya kuandika. Akaleta kalamu kwa furaha. Nimemtajia anwani, nikamtajia salamu, nikauliza mguu wako, nikazungukazunguka na habari za Padri Clancy. Kisha nikamtajia lile neno.

Unaujua mwandiko huu, Malachy. Ni uleule. Kalamu ilisimama pale kwenye "nimemfunga mimi", na nilisikia birika likichemka mpaka likamwagikia motoni, hakuna aliyeinuka. Kisha akasema, "Endelea." Hajainua uso tangu hapo.

Kesho bombani nitasema mbele ya wote. Siku ya Delia kutoka nitakuwa langoni, nimwambie kabla hajanikumbatia. Watakavyonifanya watu wa ua najua, nimewafunza mwenyewe. Nimewaogopa wiki nane, na bado nawaogopa. Wewe ile laana yako iondoe ulikoipeleka. Na umwandikie Delia mara moja, barua ikimfikia jela na akaijua kweli kutoka kwa baba yake, mawe yatakaa chini.

Nisalimie Kate, nibusie mapacha, na binamu yetu Festus ukimwona mwambie bado namwombea aache pombe. Mungu akulinde wewe na mguu wako, akuweke mbali na magogo, na akuonyeshe uso wa binti yako masika yakifika, hata kama wangu hutataka kuuona.

Wako akupendaye, kama bado utakubali nikupende,
dada yako
Honor

Malachy, ni mimi Sabina. Hayo juu ni maneno yake, sikuongeza kitu. Nimeruka mahali pamoja tu, aliposema mimi ni mwanamke mwema, maana leo sijisikii hivyo. Sijamsamehe. Kesho nitakwenda naye bombani, kwa sababu peke yake hatafika, atarudi njiani. Alipomaliza alichukua karatasi aikunje mwenyewe. Mikono yake ilianza ule mkunjo wa mama yenu, pembe ikaingia ndani, kisha akaiacha mezani akaondoka. Nimeikunja mimi.