Mama mkwe kaanika betri za lithiamu

Ndugu yangu, nimeumbuka!

Zile betri za kompyuta nilizokuwa nazipima moja moja, mama mkwe kazianika juani. Kwenye ungo! Ati, "Zimechoka, mwanangu, jua litazifufua." Kama za tochi ya zamani!

Mimi naoga. Nachungulia dirishani, naona moja inafuka moshi. Nikatoka mbio na taulo, nikaubeba ungo wote, nikazimwaga kwenye pipa la mchanga.

Taulo likadondoka. Mbele ya mama mkwe. MAMA MKWE!!!

Akageukia ukuta. Halafu kwa upole: "Kavae kwanza, baba. Ungo nitauokota mwenyewe."

Nimejifungia chumbani. Anagonga mlango, anaapa hakuona kitu.

Sasa mbona mke wangu anacheka jikoni?