Jiko la Babu Lisiguswe

Mkolani, Mwanza

Mume wangu Kulwa,

Marahaba. Najiitikia mwenyewe, maana shikamoo yako sijaisikia tangu tuvune mpunga. Mjukuu gani wewe? Hujambo lakini? Mkeo je, na ng'ombe? Mimi mzima, ila goti. Shangazi yako, huyu anayeniandikia, ananitunza vizuri, tatizo anapikia gesi. Chakula kinaiva hata hatujamaliza kumsengenya mtu mmoja.

Nasikia unataka kubomoa jiko la zamani uweke banda la kuku. Kaa kwanza.

Jiko lile ni la babu yangu, aliyekuwa mwanangwa, mkuu wa kijiji chini ya mtemi. Huko kwetu ng'ambo ya ziwa palikuwa pori. Mtu akija na mkewe kuomba pa kuishi, bibi alimpa kaa la moto kwenye kigae, akawashe kwake. Ukishapikia moto wetu wewe ni wetu: ukiibiwa tunakutafutia, ukigombana unaamuliwa palepale jikoni. Mtemi akifa, nchi nzima inazima moto, unawashwa mpya kwake, sisi tunaugawa. Kijiji kilikua hivyo.

Halafu serikali ya Mwingereza ikamvalisha babu koti, awakusanyie kodi. Akaringa nalo. Mtemi alipofariki, babu akauleta moto mpya, akakaa kigodani kungoja watu. Mimi mtoto, nimeshika vigae. Hakuja mtu. Tukaona moshi unafuka kila nyumba. Wamewasha kwa kiberiti cha dukani.

Jioni akaja mjane mmoja, jirani yetu. Hakumwamkia babu. Alisema tu, "Moto nitapokea. Koti sijalifuata."

Babu akalivua, akachukua vigae mikononi mwangu, akatembeza moto mwenyewe mlango kwa mlango. Wengine walipokea, wengine walimfungia. Kodi aliendelea kukusanya, angefanyaje? Lakini tangu hapo alikaa kwanza jikoni kusikiliza nani hana cha kulipa, akamwombee kwa wakubwa wa serikali. Nakumbuka watu wakibishana mpaka ugali unaungua, na bibi akiwatukana wote. Nimeukosa moshi ule, mume wangu.

Kuku watalala popote.

Msalimie mkeo, na pacha wako Dotto, na huyo jirani mnayenuniana naye kwa ajili ya mpaka. Ni mjukuu wa yule mjane.

Ukija, usiniletee sukari. Pika ugali jikoni mle, ule na jirani, ukoko unifungie kwenye kitambaa. Nitanusa moshi kwanza, ndipo niitikie shikamoo yako.

Bibi yako, mkeo mkubwa