Nani Amewauliza Wazima?

Jumatatu, 3 Juni 1968
Nasuka ukili tangu asubuhi, utepe wa majani ya mkindu wa kushonea mkeka. Mkeka wa marehemu dada yangu Riziki, aliouacha nusu. Saratani ya titi haikumngoja. Jirani yetu, Bi Mwanakombo, amepita na maneno yake: "Riziki alitoa mimba usichanani. Maziwa aliyonyimwa mtoto hugeuka sumu kifuani." Nimekasirika. Kisha nikajiuliza, je, ni kweli?

Jumanne, 4 Juni
Mwanamisi, binti wa Riziki, ana uvimbe kwenye titi. Kama kokwa ya ukwaju. Hospitali hataki. Mwaka jana naye alikunywa mizizi, mimba ikatoka. "Mama mdogo, nitibiwe nini? Nimejitakia mwenyewe."
Ninaogopa.

Alhamisi, 6 Juni
Nimekwenda hospitali Msambweni. Nikauliza kama kutoa mimba huleta saratani, bila kutaja jina la mtu. Daktari amesema hata wataalamu wanabishana, hakuna aliyethibitisha. Mgonjwa akiulizwa husema yote, maana anatafuta sababu. Mzima huficha. Basi hesabu inapinda, kana kwamba wagonjwa ndio waliotoa mimba zaidi. Nimelielewa neno hilo. Mkeka ukishonwa vibaya hupinda vivyo hivyo.
Lakini wazima nani amewauliza?

Jumapili, 9 Juni
Wanawake walikuja kusuka. Nikauliza waziwazi: nani aliwahi kupoteza mimba, au kuitoa? Wakainamia ukili wao. Wifi yangu Saumu akacheka. "Wifi, umekuwa karani wa serikali?"
Mjinga mimi. Hayo hayaulizwi mbele ya watu.

Jumatano, 12 Juni
Wanakuja mmoja mmoja. Huyu anaomba chumvi, huyu anarudisha ungo. Wanasema huku wakitazama mlango. Saumu pia, bila kicheko. Mimba nyingine ziliharibika, nyingine zilitolewa. Wenyewe wazima.
Alasiri, Bi Mwanakombo. "Mimi nilitoa kabla wewe hujazaliwa. Nitazame." Akafungua leso. Matiti ya kizee, salama. Akalia. Miaka yote hiyo alikuwa akiingoja ile sumu.
Mwanamisi alikuwa jikoni. Amesikia.

Ijumaa, 14 Juni
Haithibitishi kitu, najua. Wanawake wa mtaa mmoja tu. Na wafu hawaulizwi. Riziki angejibu nini? Alificha uvimbe wake hadi ukafanya kidonda. Kwa aibu, nadhani.
Asubuhi Mwanamisi alijifunga leso ya mama yake. "Twende," akasema. Hospitali wamemkata kipande cha uvimbe, kitapelekwa kupimwa.

Jumanne, 25 Juni
Majibu bado. Mvua kidogo. Mwanamisi anashona mkeka wa mama yake. Leo hakuniuliza kosa ni la nani. Ameniuliza ukingo uwe wa rangi gani.
Mwekundu, nikamwambia. Riziki alipenda nyekundu.