Meibo Bado Yumo Ghalani

Mwaka umetimia, Malimi, tangu Jumapili ile tulipokulaza udongoni hapa Buswelu, na bado baba yako akisikia kengele ya baiskeli huitikia “karibu” kabla hajageuka kutazama.

Homa ilikupata Jumatano ukiwa kazini bandarini, ukipanga mizigo ya meli. Jumamosi hukuwa nasi tena.

Ulikuwa mtu wa watu. Hukuweza kumpita mzee njiani bila shikamoo, wala bila kumpokea mzigo wake, hata kama njia yenu haikuwa moja. Na kuchelewa je! Misa ilikungoja, chakula kilikungoja, na sote tulijua kilichokuchelewesha ni kitabu.

Vitabu vile vya wezi na wapelelezi ulivipata kwa rafiki yako Rasik, mtoto wa duka la vitambaa mjini. Vilikuwa vya Kiingereza, vimechakaa, vingine havina jalada. Baba yako Maige alikuwa akisema, “Mtu mzima na kazi yake, anakimbizana na wezi wa Ulaya ambao hawajamwibia hata kuku!” Lakini Jumapili mchana, tulipokaa uani kuchambua pamba, safi huku, fifi, ile chafu, huku, mzee huyo huyo ndiye aliyesogeza kigoda karibu nawe. Ulifunua kurasa ukatusimulia kwa Kiswahili na Kisukuma, na sheria yako ilikuwa moja: tenga lisipojaa, sura nyingine haifunguliwi. Haki ya Mungu, hakuna nyumba iliyochambua pamba upesi kama yetu.

Katika watu wa vitabu vile, baba alimpenda Inspekta Tolbati kwa sababu hadanganyiki. Mdogo wako Paskazia alikuwa na mtu wake, Meibo, yule binti mchukuzi wa samaki aliyechechemea na bado akawatangulia polisi kila mahali. Paskazia naye anachechemea. Alikuwa na miaka tisa maradhi yalipomkausha mguu, akalala hospitali miezi mitatu, na ni pale kitandani ulipomletea Meibo mara ya kwanza. Tuliishi na Meibo huyo miaka minane, vitabu kumi na kimoja.

Jumapili yako ya mwisho ulimwacha Meibo pabaya. Wabaya walikuwa wamemfungia ghalani, maji yamemfika kiunoni, na Inspekta yuko mbali, hana habari. Ukafunga kitabu. Paskazia alikutupia pamba usoni, ukacheka. Ijumaa, ukiwa umelala huna nguvu hata ya kugeuka, alikuinamia akakuuliza, “Kaka, atatokaje?” Ukamwambia, “Subiri tenga lijae.” Akatoka mbio kwa mguu wake ule, akachambua peke yake hadi tenga likajaa pomoni. Aliporudi ulikuwa humjui tena mtu.

Basi mwaka mzima Paskazia ametafuta mwisho wa habari ile. Alijiambia kwamba akiusikia, utakuwa umemaliza kuzungumza naye kama inavyostahili. Kila akienda mjini alipita kwa Rasik.

“Kile kitabu cha mwisho, kaka Rasik?”

“Nimemwazima mtu wa Magu, dada.”

Mwezi uliofuata akaambiwa kimeliwa na mchwa.

“Mchwa wa Magu hao wanasoma Kiingereza?” Rasik hakucheka. Alianza kupanga vitambaa vilivyokwisha kupangwa.

Mwezi uliopita alikuja mwenyewe hapa nyumbani, ameshika kitabu, si cha mwisho, ni kile cha kwanza kabisa.

“Dada, nisamehe,” alisema. “Meibo alikufa. Humu, ukurasa wa arobaini na mbili.”

“Muongo! Yumo ghalani!”

“Huyo wa ghalani hayumo katika kitabu chochote. Mimi nilivisoma vyote kabla yake. Nilimwuliza, ‘Malimi, mbona humwachi huyu msichana afe?’ Akaniambia, ‘Nilipofika ukurasa ule Paskazia alikuwa kitandani ananitazama. Ungesoma wewe?’”

Kiingereza cha Paskazia ni cha kuokoteza, lakini neno la kifo analijua. Alilitafuta kwa kidole akaliona. Akalia, Malimi, alilia kuliko siku ya mazishi, mpaka mama yako akatoka jikoni akidhani tumepata msiba mwingine. Alikuita muongo. Alikuita kaka yangu, kaka yangu, muongo mkubwa wewe. Miaka minane ulifunua kurasa mbele yetu, na binti yule hakuwamo!

Alipotulia aliuliza, “Sasa nani anajua atatokaje?”

Hakuna duka, hata huko Ulaya, linalouza mwisho wa habari ile. Ulikuwa nao wewe peke yako, na tumekuzika nao.

Wanaokulilia ni baba yako Maige. Mama yako Dorotea. Rasik, ambaye sasa tunamhesabu ndugu. Na mdogo wako Paskazia, ambaye kila Jumapili hukaa na tenga lake akijaribu kumtoa Meibo ghalani, na hajaweza.

Hutatutoka moyoni siku zote za maisha yetu.

Buswelu, Agosti 1938