Sababu ya Kuchelewa

4 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Huku sijambo, kifua tu kinasumbua kwa ule mvuke wa chumba cha kufulia. Goti lako linaendeleaje?

Mama, nimefukuzwa kazi. Mashuka arobaini hayakuonekana stoo, na zamu ile ufunguo ulikuwa kwangu. Asubuhi nikapewa barua, saa nne niko nje ya geti. Hakuna aliyeniuliza hata "ilikuwaje?" Sikuchukua hata leso, Mama. Tafadhali usimwambie mtu.

Mwanao

11 Februari

Mwanangu,

Marahaba, ingawa barua yako ilinikuta nimekaa ikaniacha nimesimama. Goti limesahau kuuma kwa hasira.

Futa machozi. Nimepiga chapa mahakamani miaka thelathini na moja, mtaa mzima wananiita Hakimu, halafu wewe unaniambia hawakukusikiliza? Thubutu! Hospitali ya serikali haimtupi mtu kama maji ya kuoshea vyombo. Hilo ni la mapitio, Mahakama Kuu. Jaji anaichukua barua yao na kuwauliza: mlifuata utaratibu gani? Maombi ya namna hiyo nimeyachapa mpaka vidole vinayajua vyenyewe. Mashine nimeshaitoa kabatini.

Kwenye mjibu maombi, yaani mwajiri wako tunayemlalamikia, nimeweka Hospitali. Ndivyo? Nijibu upesi, siku hazigandi.

Mama yako

25 Februari

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukawia, nilikuwa sijisikii vizuri.

Ndivyo, Mama. Hospitali.

Mwanao

9 Aprili

Mama mpenzi,

Shikamoo, natumaini goti limepoa. Maombi yalifika mbele ya jaji wiki iliyopita, lakini yameahirishwa mpaka tutakapoitwa. Usihangaike kusafiri. Karani wa masjala aliusifu sana uchapaji wako.

Mwanao

15 Aprili

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata. Sina za kurudisha.

Nilikuwepo. Nilitaka kukushtukiza, nikavaa viatu vyangu vya kazini, nikakaa benchi la nyuma. Wakili wa hospitali akainua barua yako ya ajira: huyu si wetu, ni wa kampuni ya watu binafsi inayotufulia mashuka. Jaji akasema mapitio ni ya kuangalia maamuzi ya mamlaka ya umma, na mfanyakazi aliyegombana na kampuni yake ana baraza la kazi. Nilijua atamalizaje kabla hajamaliza: maombi yametupwa. Maneno hayo nimeyachapa mara ngapi!

Mlangoni, mzee mmoja niliyefanya naye kazi, nakala ya maombi yako mkononi, akaninong'oneza, "Hakimu, hizi si herufi za mashine yako?" Nikamwambia si zangu. Nikatoka kabla hujageuka.

Miaka sita nimetangaza mtaani kwamba wangu yuko serikalini. Nani alikutuma useme hivyo?

Mama yako

20 Aprili

Mama,

Shikamoo, hata usipoitikia.

Hakuna aliyenituma. Siku ya kwanza kazini walinipa aproni yenye nembo ya hospitali, nikapiga picha nikakutumia. Ukajibu kwamba umeionyesha mtaa mzima na kwamba sasa unaweza kufa kwa amani. Nikasema moyoni nitakueleza wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa miaka sita.

Uliponiuliza "Ndivyo?" nilikaa na barua yako siku kumi. Nilikuwa najua si kweli. Baraza la kazi linapokea malalamiko ndani ya siku thelathini tu, nazo zilikwisha wakati mimi nangoja jaji nisiyestahili kumwona. Sasa sina kazi wala pa kudai. Lakini kinachoniuma ni wewe kuikana mashine yako. Naona aibu, Mama, hata kuandika jina lako kwenye bahasha.

Mwanao

30 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Goti linauma, na ulimi ulikuwa mkali kuliko goti, ndiyo maana nilinyamaza.

Aliyechelewa anaweza kuomba baraza limpokee, mradi aape na aeleze sababu. Nimekuchapia yote, yamo humu ndani. Nimeacha mistari miwili mitupu: jina la mwajiri, na sababu ya kuchelewa. Hiyo sikuchapii. Ijaze kwa mkono wako, na usiandike kwamba uliumwa. Wagonjwa wa uongo nimewachapa wa kutosha.

Majirani nimewaambia mwenyewe. Mmoja alicheka mpaka akachoka, kisha akaniuliza kama hiyo kampuni inaajiri.

Mama yako

8 Juni

Mama mpenzi,

Shikamoo. Kifua kimepoa kidogo.

Nimewasilisha jana. Karani alisoma, akanitazama, akasoma tena, ndipo akagonga mhuri. Tutasikilizwa tarehe ishirini na mbili, saa tatu asubuhi. Kama watanipokea, hakuna aliyesema. Nakunakilia nilichojaza:

"Mwajiri: kampuni ya ufuaji, si hospitali. Sababu ya kuchelewa: nilimdanganya mama yangu. Aliponiuliza jina la mwajiri wangu niliona aibu kusema kweli, akaandika maombi kwa jina nililompa. Mama hakukosea. Uchapaji wote ni wake."

Vaa viatu vya kazini uje. Nitakushikia nafasi benchi la mbele.

Mwanao, dobi wa kampuni